Maswali ya Wasomaji: Mti wa Mbele ya Nyumba Umepigwa na Baridi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Texas na majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani. Huko mitaa mingi ilijengwa upesi na kupandwa miti inayokua upesi, na sasa miti hiyo imezeeka. Baridi kali ikiipiga, karibu kila mtu anauliza kama akate au angoje.

Mwaloni mbele ya nyumba yetu Fort Worth umepasuka gome kwa urefu wa kama mita moja na nusu. Jirani anasema ilianza baada ya ile baridi ya 2021. Mti una miaka kama 40, na kila mwaka majani ya juu yanazidi kupungua. Kweli barafu ya siku chache inaweza kuua mti baada ya miaka yote hii?
*Baba wa watoto watatu, Fort Worth*

Inaweza, ndugu yetu. Februari 16 mwaka ule joto katika uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth lilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 19 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Ramani ya kanda za baridi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ile iliyokuwa ikitumika wakati huo, iliuweka mji wenu kwenye ukanda 8a, ambao baridi yake ya chini kabisa kwa mwaka ni Farenhaiti 10 hadi 15. Lakini namba hiyo ni wastani wa miaka 30. Haisemi kwamba baridi haitashuka zaidi ya hapo, na watu wengi huisoma hivyo.

Kinachotokea ni hiki. Gome na mbao za nje hupoa haraka na kusinyaa, huku kiini cha shina kikiwa bado na joto. Mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, kutoka juu kwenda chini. Pembeni mwa mpasuko, lile tabaka jembamba la kijani lililo chini ya gome, ambalo ndilo linalotengeneza mbao mpya, hufa. Gome lililo juu ya sehemu iliyokufa hubaki limeshika mwaka mmoja, wakati mwingine miwili, kabla ya kuanza kubanduka, ndiyo maana jeraha huonekana kama la jana. Majani nayo hudanganya. Mti mkubwa una akiba ya wanga kwenye mizizi na shina, kwa hiyo huchipua kwa miaka kadhaa kwa kula akiba hiyo. Ikipungua ndipo kilele huanza kuonyesha mwanga.

Sasa pima. Chukua kisu kikali, nyundo ya mbao au ya mpira, na futikamba. Gonga shina kuzunguka mpasuko: gome lililoshika hutoa sauti nzito, lililoachia hutoa sauti ya debe. Tia alama ya chaki pale sauti inapobadilika, kisha pima upana wote wa sehemu iliyoachia na uulinganishe na mzunguko wa shina. Ikiwa ni chini ya robo ya mzunguko, mti una nafasi nzuri ya kulifunga jeraha. Ikizidi nusu, usijidanganye, huo mti hautapona. Katikati ya hapo, hali ya kilele ndiyo iamue: kama ifikapo Julai zaidi ya nusu ya matawi hayana majani, panga kuuondoa.

Kama utaubakiza, ondoa gome lililolegea tu, kwa kisu, hadi pale linaposhika, na usichimbe mbao. Usijaze saruji wala lami. Zamani ilikuwa desturi, lakini kuziba huzuia mbao kukauka na kuvu hupata makao.

Kisha maji. Kadirio linalotumika ni galoni 10 kwa kila inchi ya kipenyo cha shina, kikipimwa futi nne na nusu kutoka ardhini. Shina lenye mzunguko wa sentimita 190 lina kipenyo cha sentimita 60 hivi, yaani inchi 24, kwa hiyo ni galoni 240 au karibu lita 900. Weka ndoo ya galoni 5 chini ya bomba uhesabu inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika moja, unahitaji dakika 48. Lakini usimwage zote mahali pamoja. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa kwenu hunywa polepole, maji yakizidi hukimbilia barabarani. Gawa kwa vituo vinne au vitano chini ya ncha za matawi, si kwenye shina. Wakati wa ukame rudia kila baada ya wiki mbili au tatu.

Kuna jambo moja la mialoni ya Texas ambalo tukilisahau tutakuwa tumekukosea. Ugonjwa wa mnyauko wa mialoni huenezwa na mbawakavu wadogo wanaovutwa na utomvu mbichi, na baada ya hapo huhama kutoka mwaloni hadi mwaloni kwa mizizi iliyoungana chini ya ardhi. Kwa hiyo usipogoe kuanzia Februari hadi mwisho wa Juni. Miezi mingine ukipogoa, paka kila kidonda rangi papo hapo, hata rangi ya kawaida ya ukutani. Hii ndiyo sababu pekee ya kupaka rangi jeraha la mti. Kwa miti mingine acha wazi.

Mwisho, chunguza pale gome lilipodondoka. Ukiona unga wa kahawia ukiacha alama kidoleni, kisha miezi michache baadaye pakawa na ukoko wa kijivu au mweusi, hiyo ni kuvu inayoitwa hipoksiloni. Hupatikana kwenye mialoni mingi hata mizima, hungoja tu mti udhoofike. Haina dawa, na mbao zake huwa dhaifu kwa haraka sana. Hapo usingoje Julai.

Shikamooni wataalamu. Nina minazi mitatu ya mapambo mbele ya nyumba hapa Houston, miwili mirefu sana na mmoja mfupi. Baada ya baridi makuti yote yalikuwa ya kahawia. Mume wangu anataka kuikata, mimi nasema tusubiri. Nani yuko sahihi?
*Mama S., Houston*

Marahaba, mama. Wewe uko sahihi kwa sasa, mzee anaweza kuwa sahihi baadaye.

Mwaloni una mamia ya vichipukizi. Tawi likifa, jingine hutokea. Mnazi wa aina yoyote una moyo mmoja tu, uko juu katikati ya makuti. Moyo ukifa mti umekufa, hata shina liwe zuri namna gani. Kwa hiyo usihukumu kwa makuti ya pembeni, hukumu kwa kuti changa la katikati ambalo halijafunguka.

Kwa ule mfupi, panda ngazi, lishike kuti hilo na ulivute kwa nguvu ya kawaida. Likikataa, moyo upo. Likichomoka kama kisu alani, linukie: harufu ya uvundo maana yake kuoza kumeanza. Hata hapo si lazima uwe mwisho. Kata makuti yaliyokufa yanayofunika moyo ili upate hewa na jua, kausha shimo, halafu nyunyizia dawa ya kuvu yenye kopa kwa kipimo cha kwenye chupa hadi ilowe vizuri. Rudia baada ya siku 10, basi. Kopa ikizidi huunguza mti wenyewe. Makuti yenye kijani chochote yaache, hata kama nusu yake ni kavu, kwa sababu ndiyo jiko pekee lililobaki.

Ile mirefu usiipande. Tumia darubini na usubiri hadi Juni au Julai. Kuti jipya likitokea likiwa limekunjamana au ncha zake za kahawia, usishtuke: liliumia likiwa bado ndani ya moyo. Linalofuata huwa bora kidogo, na la tatu bora zaidi.

Ila kuna mtego. Shina la mnazi halina lile tabaka la kutengeneza mbao mpya tulilolieleza kwa mwaloni. Mishipa ya maji iliyomo humo ndiyo ile ile ya maisha yote. Iliyouawa na barafu haibadilishwi. Mnazi unaweza kutoa makuti mawili mazuri mwezi wa nne, kisha joto la mwezi wa saba likidai maji mengi, mishipa iliyobaki ikashindwa na kichwa chote kikainama ndani ya wiki chache. Watu husema umeuawa na jua, kumbe ni baridi.

Aina nazo zinatofautiana. Mwaka 2021 Houston ilifika Farenhaiti 13, karibu nyuzi 11 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Mnazi malkia, ule wenye makuti laini kama manyoya, kwa kawaida hauvumilii chini ya Farenhaiti 20, na mwembamba mrefu wa Meksiko uko karibu na hapo. Mnazi sabali wa asili ya Texas unastahimili zaidi kuliko yote hiyo. Kama Agosti itafika bila kuti jipya, muite mzee achukue hatua, maana mnazi mrefu uliokufa huoza kutoka juu, na kichwa chake huanguka chenyewe bila upepo. Ukatwe na watu wenye gari la kikapu, si mtu wa kukwea.

Mpeasi wa maua meupe uliopandwa ukingoni mwa barabara umepasuka katikati kwa uzito wa barafu, nusu imelala juu ya gari langu. Nusu iliyobaki inaonekana nzima na maua yanatoka. Naweza kuiacha? Na nani anawajibika?
*Msomaji, Greensboro, North Carolina*

Pole kwa gari. Nusu iliyobaki isikutie tamaa.

Huo bila shaka ni mpeasi wa Bradford, si wa kula kama mapeasi ya Lushoto, vitunda vyake ni kama punje. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliutoa kwa wauza miche mwaka 1963 na ukapandwa kila mtaa kwa sababu ya umbo lake la yai na maua ya mapema. Kasoro iko kwenye maungio. Matawi yote makubwa hutoka karibu sehemu moja ya shina kwa pembe nyembamba, na kadiri yanavyonenepa gome hubanwa katikati yake badala ya mbao kuungana. Ukitazama mahali ulipopasuka utaona sehemu laini na nyeusi kwa juu: hapo hapakuwa na muungano tangu zamani. Mbao nyeupe iliyochanika kwa chini tu ndiyo iliyokuwa imeubeba mti. Kati ya miaka 15 na 25 wengi hupasuka, barafu huleta siku tu. Nusu iliyosimama sasa ina jeraha refu kwenye shina, uzito wote uko upande mmoja, na maungio yake ni yale yale. Kuifunga kwa waya wa chuma ni kutupa pesa.

Kuhusu umiliki: ukanda ulio kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara mara nyingi ni wa jiji, hata kama wewe ndiye unayemwagilia. Sheria hutofautiana, miji mingine humwachia mwenye nyumba matunzo yote na bado humtaka aombe kibali kabla ya kukata. Piga simu ofisi ya miti ya jiji kwanza. Piga picha mti kabla haujaguswa, jeraha kwa karibu, na gari kutoka pande nne. Uharibifu wa gari hulipwa na bima kubwa ya gari lako, ile inayofunika mambo yasiyo ya ajali, kama unayo. Kama tawi limegusa waya wa umeme, kaa mbali na uite kampuni ya umeme. Hata msumeno wa mpini mrefu usiuinue ndani ya futi 10 kutoka kwenye waya.

Ukishakatwa, kisiki kitachipua kwa hasira, na machipukizi yatokayo chini ya mahali mti ulipobebeshwa (ulipoungwa juu ya mzizi wa mpeasi mwingine) yana miiba mirefu inayotoboa tairi. Paka dawa ya kuua magugu ya glaifoseti mara tu baada ya kukata, kabla uso wa kisiki haujakauka. Iwe ile ya asilimia 41, changanya na maji kiasi sawa, na upake pete ya nje tu, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye gome. Katikati ni mbao iliyokufa, hainywi kitu.

Usipande mwingine. Ohio ilipiga marufuku kuuza miti hiyo kuanzia 2023, Pennsylvania na South Carolina zikafuata 2024, kwa sababu mbegu zake husambazwa na ndege na kuvamia mashamba yaliyolala. Jimboni kwenu kumekuwa na mpango wa kumpa mche wa asili bure mtu anayeonyesha picha za mpeasi alioukata. Ulizia ofisi ya ugani ya kaunti kabla ya kuanza kukata, maana picha ya mti ukiwa umesimama huhitajika.

Niweke mbolea gani ili mti urudi haraka?
*K., Dallas*

Usiweke. Mbolea ya naitrojeni hulazimisha majani mapya wakati mishipa na mizizi haina uwezo wa kuyalisha, na chumvi zake huunguza mizizi iliyo na kiu. Ngoja msimu mzima. Badala yake tandaza vipande vya mbao sentimita 5 hadi 10 kwenda juu, kwa upana unaoweza, na uache nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina. Ile milima ya matandazo iliyorundikwa kwenye shina, unayoiona kila kona ya mji, huozesha gome.

Sisi ni wa Lubumbashi, tulipanda jakaranda ili tuone maua kama ya nyumbani. Hapa Houston umekauka wote baada ya baridi. Mti una miaka tisa sasa.
*Familia moja, Houston*

Kwaruza gome kwa ukucha, anzia kwenye vitawi na ushuke. Chini ya gome pakiwa na kijani chenye unyevu, pako hai. Kahawia kavu, pamekufa. Kwa jakaranda iliyopigwa sana huenda ukafika ardhini bila kuona kijani. Bado usiing'oe kabla ya Juni, kwa sababu huchipua kutoka kwenye mizizi. Machipukizi yakifika kimo cha goti, bakiza matatu yenye nafasi, na mwaka unaofuata bakiza moja lililonyooka. Kisha jueni mapema: huko Lubumbashi usiku wa Juni hupoa lakini si kwa kuganda siku tatu mfululizo. Houston mti huu utakatwa na baridi tena na tena, na kila ukianza upya huchukua miaka kutoa maua. Kama mnaupenda, uwekeni upande wa kusini wa ukuta wa matofali, si ukingoni mwa barabara.

Amepita kijana na gari lenye msumeno, anasema dola 400 atautoa mti kilele chote "ili upumue". Anataka nusu kwanza.
*Bibi M., San Antonio*

Mwambie ahsante na ufunge mlango, bibi. Mti ulioumizwa na baridi unaishi kwa majani machache yaliyobaki. Hata mti mzima haupaswi kupunguzwa zaidi ya robo ya majani yake kwa mwaka mmoja. Ukikatwa kilele hutoa fimbo nyingi zilizoshika juu juu tu kwenye gome, na baada ya miaka mitano hizo ndizo zinazoanguka.

Fundi wa kweli utamjua kwa mambo machache. Ana cheti cha ISA, shirika la kimataifa la wataalamu wa miti, na namba yake unaweza kuihakiki mtandaoni. Anakupa hati ya bima na hakasiriki ukiipigia simu kampuni ya bima. Anaandika matawi atakayotoa, si "kusafisha mti". Havai viatu vya miiba ya chuma kukwea mti unaobaki hai, kwa sababu kila hatua ni tundu kwenye gome. Na analipwa akimaliza.

Mwangalie pia anavyokata tawi nene. Kwanza hukata kwa chini, kama futi moja kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Kisha hukata kwa juu, sogeo dogo nje ya hapo, tawi lianguke bila kuchana gome. Mwisho huondoa kigutu kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulioko tawi linapotoka shinani. Uvimbe huo ndio unaofunga jeraha. Akiukata sambamba na shina, kidonda hakifungi. Akiacha kigutu kirefu, kinaoza kuelekea ndani.

Ashi yetu ya Arizona ilibanduka gome baada ya baridi, sasa ina vitundu vidogo kwenye shina. Tumeamua kuikata. Kuni tumpe shemeji anayeishi Oklahoma?
*Msomaji, Arlington, Texas*

Uamuzi wa kukata ni mzuri. Ashi hizo nyingi huanza kuchoka zikifika miaka 25 hadi 30. Lakini kabla ya kuni, tazama vitundu. Vikiwa na umbo la herufi D, upana wa milimita 3 hivi, bandua gome karibu yake. Njia zilizojikunja kama nyoka chini ya gome ni dalili ya mbawakavu wa kijani wa ashi, mdudu aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na kuonekana Texas mwaka 2016. Kwenye kaunti yenu ya Tarrant alithibitishwa mwaka 2018. Toa taarifa kwa idara ya misitu ya Texas, na kuni zisitoke kwenye kaunti. Viluwiluwi hukaa chini ya gome la gogo lililokatwa na hutoka wakiwa wamekomaa majira ya kuchipua, popote gogo lilipo. Mwambie fundi ausage mti wote uwe vipande visivyozidi inchi moja, mvitandaze hapo hapo uani.